Mwenye kibanda auze kazi yake, si nyimbo za wengine

KATIKA magulio na vituo vya mabasi nchini Tanzania, kibanda chenye kompyuta moja na spika mlangoni ni biashara isiyohitaji maelezo. Mteja hutoa simu au flashi, huchagua nyimbo, hulipa na kuondoka. Anayesahaulika ni yule aliyeimba.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kunakiliwa na kusambazwa. Mkulima anapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mtu akivuna mahindi ya jirani usiku na kuyauza asubuhi, hawezi kujitetea kwamba gunia lilikuwa lake.

Hata hivyo, si kila anayenakili ni mwizi. Zipo nyumba zenye CD halisi za taarabu, dansi na kwaya zilizonunuliwa kwa fedha, lakini deki ya kuzichezea imekwisha kuharibika. Kompyuta nyingi za sasa nazo hazina mahali pa kuingizia CD. Mwenye mali hiyo anachotaka ni kuisikiliza kwenye simu au redio ya flashi wakati akipalilia. Hapo mwenye kibanda ana kitu chake cha kuuza, yaani kifaa, muda na ujuzi. Ni busara tu aulizie masharti katika Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA) kabla ya kupanga bei.

Kazi hiyo ina viwango vyake. Muziki ulio kwenye CD huchukua takriban megabaiti 10 kwa kila dakika. Ukibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, hubaki kama megabaiti 1 kwa dakika; ukibanwa kwa kilobiti 256, hubaki kama 2. Wapo wanaobana kupita kiasi ili nyimbo nyingi zienee, na mteja hupewa sauti iliyokauka. Hakuna sababu ya kufanya hivyo. Kadi ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 60 za muziki hata kwa kilobiti 256. Sauti iliyoondolewa wakati wa kubana hairudi tena.

CD yenye vumbi ifutwe kwanza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Kisha kila faili iandikwe jina la wimbo na la mwimbaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na faili mia zenye namba tupu ni mali ya namna hiyo. Mteja arudishiwe CD yake, na kompyuta ya kibanda isibaki na nakala ya kumuuzia mwingine.

Anayetaka kuuza nyimbo zenyewe aanze na waliomo kijijini kwake. Kwaya iliyorekodi albamu yake na kumiliki haki zake inaweza kuafikiana naye kwa maandishi kuhusu bei ya kila nakala na mgawo wa kila upande. Faida ya nakala moja itakuwa ndogo kuliko ya nyimbo za bure. Lakini kwaya ikilipwa itarekodi tena, na kibanda kitapata bidhaa mpya. Anayekula mbegu msimu huu asishangae shamba likiwa tupu msimu ujao.