Masafa ya juu hayafiki mbali bila mkongo





Oktoba 2022 TCRA ilinadi masafa ya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo bora. Sivyo. Megahezi 700 husafiri mbali na kupenya kuta. 3500 hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka mapema. Nchi za nje wamefika gigahezi 28, ambazo hata majani ya mwembe huzidhoofisha.

Ndiyo maana wataalamu wanatengeneza vipande vya silikoni vinavyotumia mwanga. Kifaa kimoja hulipandisha wimbi la redio juu ya mwanga, likasafiri mbali ndani ya uzi wa kioo. Kingine, chujio, huchagua wimbi linalotakiwa na kuyaacha mengine. Kazi nzuri, lakini mwanga huo unataka mkongo, siyo mnara peke yake.

Sasa tutazame Simiyu. Mjini Bariadi watu wamesongamana, masafa ya juu yanaweza kulipa. Meatu na Itilima kaya ziko mbalimbali, katikati mashamba ya pamba. Mkulima wa huko anahitaji 700 leo ili malipo ya pamba yamfikie kwa simu, na mkongo kwenye kata yake ili hivyo vipya visimpite kesho. Kampuni zikiachiwa hesabu ya faida tu, zitajenga mjini. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya 2006 kwa ajili hiyo hasa. Je, ruzuku yake itaishia kwenye minara, au itachimba na mitaro ya mkongo?

Msomaji,
Bariadi, Simiyu.