Khadimu Angojaye Nywila

Juma hili, barazani kwa jirani yangu hapa Mombasa, nilimtazama kijana aliyekuja likizo kutoka Maskati akiiweka juu ya meza ile spika ya Amazon itiiyo sauti, kisha, kabla haijatii neno hata moja, akafungua programu katika simu yake, akangoja taa ya rangi ya chungwa ianze kuzunguka, na akaiandikia kwa kidole, herufi baada ya herufi, nywila ya Wai-Fai. Maana khadimu huyu, ambaye kazi yake ni kusikiliza, nywila haambiwi kwa mdomo. Wala si ajabu, kwani akili zake zimo katika mitambo iliyo mbali mno, na mtandao ukikatika huwa debe tupu lisiloweza hata kuvuma. Bi mkubwa wa nyumba akamsabahi kwa Kiswahili fasaha, akamwuliza adhuhuri ni saa ngapi. Kimya, kwa kuwa Kiingereza anakijua, na Kiarabu pia, ila chetu hajafunzwa. Nami naona, kwa idhini ya wenyewe, kwamba anayedai siri ya nyumba kabla ya kujua lugha ya nyumba amekosa adabu. Kijana akacheka, akamwamuru kwa Kiingereza apige taarabu.