Msimu wa Nani?

Wazee wetu walipotamka "msimu" walikuwa wakitaja upepo. Kaskazi ikianza kuvuma mwezi wa Disemba, majahazi yalishuka kutoka Ghuba na Bara Hindi, yakatia nanga Malindi na tende, mazulia na papa mkavu. Kusi ikishika, yakarejea na boriti na karafuu. Upepo ule ulikuwa na inda zake, lakini haukupata kusoma gazeti wala kuogopa benki. Leo muulize kijana wa Paje au Nungwi msimu ni nini, atakujibu: ni pale hoteli zinapojaa. Neno ni lile lile, mwenyewe kabadilika. Nami nataka kugombana kwa ajili ya neno hili, maana tungo zetu zimelirithi, na naona tumeliuza bila ya hata kuandikiana hati.

Mwenye msimu huu mpya hakai Unguja. Yuko Milan au Warsaw, kaketi jikoni kwake usiku, karatasi ya matumizi i mbele yake. Kodi ya nyumba hawezi kuikata, wala chakula, wala ada ya skuli. Safari ya kujipumzisha anaiweza. Basi mambo yakimlegea, kalamu yake hupita hapo kabla ya pengine popote. Hatuchukii, wala hatujui. Mstari mmoja alioupiga ndio mshahara wa mtandika vitanda wa Jambiani, ndio soko la mchicha wa Kizimbani, ndio tarumbeta la dereva lisilolia mwezi mzima.

Haya si ya kubuni. Mei 2008 umeme utokao Bara ulikatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Septemba ya mwaka huo huo benki zikaporomoka Marekani. Hatujakaa sawa, Disemba 2009 giza likarudi na likakaa hadi Machi 2010, maji yakichotwa kwa ndoo huku majenereta ya hoteli yakinguruma. Tukasema limepita. Mwaka 2019 tulipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020, kwa maradhi yaliyoifunga dunia, wakashuka hadi kiasi cha 260,000. Februari 2022 vita vikazuka Ukraine, na wageni wapatao elfu moja wa nchi ile wakajikuta wamekwama fukweni kwetu, hawana kwao pa kurudi. Hapo tukaona hata mgeni ni mtu anayeweza kuamka maskini.

Katika siku zile za 2020 neno lililozagaa barazani lilikuwa hili: "Mji umekufa." Nililichukia, na ningali nalichukia. Maiti gani huyo anayeamka kwa adhana ya alfajiri, akatuma mtoto kununua mkate wa mofa, akagombania bei ya samaki Darajani? Mkunazini ilikuwa hai. Kiponda ilikuwa hai. Kilichokufa ni kipato, na njaa yake ilikuwa ya kweli; simfanyii stihizai aliyerejeshwa kijijini bila ya senti. Lakini kuuita mji mfu kwa sababu wageni hawauoni ni kukiri kwamba sisi wenye kuukaa hatuhesabiki. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Urithi huo una warithi, na warithi hawapandi ndege kuja.

Na sisi watu wa tungo na ala tusijitie usafi. Nadi Ikhwan Safaa iliasisiwa mwaka 1905, pasipo hoteli ya kitalii wala tamasha, ikaishi kwa wanachama wake na wapenzi wake. Leo wangapi miongoni mwetu wanapiga nyimbo zile zile tatu, usiku baada ya usiku, karibu na meza za chakula, mbele ya watu wasiojua kama mshororo umevunjika? Meza zikiwa tupu twalia kuwa taarabu imekufa, kama mji. Tamasha la Sauti za Busara halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha za wafadhili. Simlaumu mwenye tamasha. Naliuliza lile kundi letu lililozoea kuingia bila ya kulipa.

Nitaambiwa, "Basi turudi kwenye karafuu?" Hata. Karafuu ilikwisha kutufunza somo hili hili: kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, na katika miaka ya 1980 bei ya dunia ilipoanguka, hazina yetu ikaanguka nayo. Sheria ya kulinda vitega uchumi ya 1986 ilifungua mlango huu wa hoteli. Tulimkimbia bwana mmoja, tukaenda kubisha hodi kwa mwengine.

Wageni sasa wamerudi. Mwaka 2024 walipindukia 700,000. Na tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huo, mgeni wa kigeni anayeingia hulipa dola 44 za bima, akiugua au akipotelewa na mzigo atazamwe. Ni jambo jema. Ila mpishi wa mkataba wa miezi sita, na mama anayechora hina ufukweni, bima ya siku asiyokuja mgeni nani anawakatia?

Naitaka bima hiyo, na naitaka sasa, vyumba vikiwa vimejaa. Sehemu ya kila usiku wa mgeni itengwe katika Julai na Agosti, Disemba na Januari, iwekwe katika mfuko wa wafanyakazi, na hesabu yake ibandikwe ukutani kila mtu aisome. Wenye hoteli watasema mzigo ni mzito. Tuwasikilize, mradi vitabu vyao vya Agosti viletwe mezani pamoja na vya Mei.