Ndege inapita juu, barabara iko chini: anga ya Beni na Butembo inatumikia nani?

Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kiwanja chake cha ndege kilifungwa, na utawala wa jimbo ulihamia Beni. Barabara ya kusini ilikuwa imekatika mbele ya hapo: Kanyabayonga ilianguka mwezi wa sita 2024. Kwa upande wa kaskazini, kutoka Beni kupita Oicha na Eringeti kuelekea Komanda, ADF wanaua watu tangu mwezi wa kumi 2014. Sisi tulio katikati tumebaki na mupaka wa Kasindi, na tumebaki na anga. Njo maana leo tunauliza: ndege ndogo zinazotua Mavivi na Rughenda, na zaidi zile za wamisionere, zinatusaidia kwa nini, na nini haziwezi?

Tuanze na kile kinachojulikana. Mission Aviation Fellowship, ambayo watu wanaita MAF, ilianza mwaka 1945 kisha vita kubwa ya dunia, na inafanya kazi Kongo tangu 1961. Huku mashariki kituo chake kiko Bunia. Ndege yake ya kawaida ni Cessna Caravan: injini moja, mabawa juu, watu wasiofika kumi, na muzigo wa karibu tani moja ukihesabu mafuta ndani. Inaweza kutua kwenye udongo na majani, mahali ndege kubwa haithubutu. Kila mutu anapimwa kwenye kilo pamoja na mufuko wake, juu ya kilo kumi za ziada kwenye kiwanja kifupi zinaweza kuleta kifo.

Kilo zile njo zinaeleza kazi yote. Ndege ya namna hii haiwezi kulisha muji. Lori moja kutoka Kasindi linabeba muzigo wa Caravan nyingi. Ndege inafaa kwa vitu vyepesi vyenye haraka: dawa, damu, daktari wa kupasua, mama aliyeshindwa kuzaa. Mutu anayesema ndege itachukua nafasi ya barabara, anadanganya watu.

Tuangalie sasa upande wa familia, juu vita kwanza inapiga nyumbani. Tarehe 5 mwezi wa tisa 2002, wapiganaji walishambulia Nyankunde, kusini ya Bunia. Kulikuwa hospitali kubwa ya misioni, na ndege za MAF zilikuwa na kituo palepale. Human Rights Watch iliandika kwamba watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na wagonjwa waliuawa vitandani. Waliopona, wauguzi pamoja na watoto wao, walitembea kwa miguu siku nyingi katika pori mpaka Oicha na Beni. Wengi walibaki huku na wakaanza tena kazi ya matunzo kati yetu. Wazee wa Oicha hawajasahau ule mustari mrefu wa watu.

Hapo kuna somo ambalo hatupendi kusema kwa sauti. Mutu wa kazi aliyetoka inje ya inchi yuko na karatasi inayosema: hali ikiharibika, muke na watoto wataondolewa. Muuguzi wa hapa hana karatasi ile. Hatusemi hivyo kwa kuzarau wale waliokuja. Kuna waliorudi kisha vita, na watoto wao walikulia huku kama wetu. Lakini tukipima musaada wa ndege, tusihesabu tu nani alipanda. Tuhesabu pia nani alibaki kutunza wagonjwa wakati ndege haikuja.

Ebola ilitupa kipimo cha pili. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 huko Mangina, ikaisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, na iliua watu 2,287. Chanjo ilipaswa kubaki kwenye baridi ya digri 60 chini ya sifuri na zaidi. Bila ndege, ingechelewa sana kufika. Basi ilifika. Hata hivyo mwezi wa pili 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 mwezi wa ine daktari Richard Mouzoko, mutoto wa Kameruni, aliuawa kwenye kliniki ya chuo kikuu cha Graben. Chanjo inaweza kushuka kutoka mbinguni. Imani ya watu haishuki vile. Inajengwa na mutu wa kijiji anayeongea na jirani yake kwa Kinande, na anayekuwa pale hata kisha ugonjwa kuisha.

Na juu ya nini watu walikosa imani? Sababu moja tunaijua sisi watu wa machimbo: kwetu ndege iko na historia mbili. Mwezi wa tatu 2007, kamati ya vikwazo ya ONU iliandika kwenye orodha yake Butembo Airlines na nyumba ya biashara Congocom, ikisema zilihusika na zahabu ya Ituri iliyotoka mikononi mwa watu wa silaha wa FNI. Kwa hiyo muchimbaji akiuliza ndege imebeba nini, yeye si mujinga. Anga ileile inayoleta chanjo ilipitisha zahabu. Kilo moja ya zahabu inaingia ndani ya mufuko wa koti. Mugonjwa mwenye muguu uliovunjika anaomba kitanda, muuguzi na nafasi ya watu watatu.

Hapo njo tatizo letu linaonekana wazi. Shimo likianguka upande wa Manguredjipa, hakuna ndege inakuja mara moja. Mugonjwa anafungwa nyuma ya pikipiki, kati ya piloti wa moto na ndugu yake, na wanapita katika matope na vizuizi, wakiomba wasikutane na ADF ambao sasa wanazunguka mpaka kule. Akifika Butembo akiwa hai, muke wake anaanza kutafuta franga za hospitali. Zahabu aliyochimba imekwisha kupita Uganda zamani. Ikipita kimagendo, haiachi hata kipande cha daraja nyuma yake.

Na tusitegemee kwamba wafazili watalipa siku zote. Bei ya tiketi kwenye ndege za musaada, za misioni na za PAM, hailingani na gharama ya kweli. Sehemu inalipwa na watu wa mbali. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake USAID, na kazi nyingi za musaada zilisimama kwa siku chache tu. Mukono unaotoa unaweza kujikunja bila kutuuliza.

Tufanye nini basi? Butembo haifundishwi kuchanga. Wafanyabiashara wake walitengeneza barabara kwa franga zao wakati serikali ilikuwa haionekani. Kooperative za wachimbaji zinaweza kufanya vile kwa kadiri yao: sanduku la wagonjwa lenye daftari ambalo kila mutu anaweza kusoma, watu wawili kwa kila machimbo waliofundishwa kufunga kidonda na kusimamisha damu, na makubaliano na hospitali moja ili mugonjwa apokelewe kwanza, makuta yafuate. Tena wakubwa wa eneo la afya watuambie wazi: nani ana haki ya kuomba ndege, kupitia njia gani, na kwa bei gani? Leo mwenye kujua ni yule aliye na namba ya mutu mukubwa.

Ndege za wamisionere zimeokoa watu, na tunazishukuru. Lakini usalama wa barabara ni deni la serikali, na deni lile halilipwi na ndege ya mugeni. Tuendelee kulidai.