Tusiwavunjie watoto magari ya waya

Juma lililopita, kando ya njia ielekeayo kituo cha reli mjini Webuye, nilimkuta mvulana wa Gredi ya Saba akiokota vipande vya waya na kuvitia katika mfuko wa shule. Nilipomuuliza ameangusha nini, alinijibu kwa sauti ya chini, "Ni lori langu, Mwalimu. Limekanyagwa." Aliyelikanyaga alikuwa mwalimu wake, ambaye alimfumania akilipima magurudumu nyuma ya darasa wakati wa mapumziko. Shule yenyewe sitaitaja, kwa sababu jambo hili lingaliweza kutendeka katika shule yoyote wilayani, na nyumbani kwetu pia.

Niliomba nivione vipande hivyo. Fremu ilikuwa ya waya wa kufungia vyuma vya ujenzi, kichwa cha lori kilikatwa kutoka mkebe wa Kimbo, na magurudumu yalichongwa katika soli ya patipati kuukuu. Nyuma yake palikuwa na vijiti vya mikaratusi vilivyofungwa kama magogo, mithili ya malori yaliyokuwa yakileta miti katika kiwanda cha karatasi. Hayo yote hata sisi tulioelimishwa miaka ya themanini na tisini tuliyafanya. Lililonishangaza ni kwamba kijana huyu alikuwa amelipima lori halisi kwa kamba, likiwa limeegeshwa karibu na kituo cha petroli, kisha akagawanya kila kipimo kwa 20. Upana wa mita 2.5 ukawa sentimita 12.5. Dereva wake, aliyefinyangwa kwa udongo, alikuwa na urefu wa sentimita 8 na nusu, yaani mtu wa mita 1.70, naye alipita mlangoni bila ya kuinama.

Msomaji atakumbuka kwamba magari mengi ya waya hayana sifa hiyo. Magurudumu huwa makubwa mno kwa kuwa vifuniko vya Kiwi ndivyo vilivyopatikana, na usukani hutokea juu ya paa ili mwenye gari alisukume akikimbia. Hakuna ubaya, gari hilo ni la kukimbizwa. Lakini pale mtoto anapoamua kwamba kila sehemu ipunguzwe kwa kiasi kile kile kimoja, ametoka katika mchezo wa kukimbiza gari na kuingia katika sanaa nyingine kabisa, ambayo watu wazima katika nchi za mbali hutumia maisha yao yote kuimudu.

Huko Uingereza kampuni ya Airfix ilianza kuuza meli ndogo ya kuunganishwa, Golden Hind, mwaka 1952, na mwaka uliofuata ikatoa ndege ya Spitfire kwa kipimo cha moja kwa 72, ambacho mtu wa futi 6 huwa na kimo cha inchi moja. Tangu hapo uraibu huo umeenea Japani, Marekani na kwingineko, na wenye kuufuata si watoto peke yao. Wamo madaktari, mahakimu na wazee waliostaafu. Wao hununua sanduku lenye vipande vilivyokwisha kukatwa na karatasi ya maelezo. Kijana wa Webuye hana sanduku. Yeye ndiye mbunifu, ndiye mpimaji, na ndiye kiwanda.

Penye upungufu kwetu, kwa maoni yangu, ni katika rangi. Lori lile lilikuwa limepakwa kijani kibichi kilichobaki katika karakana ya mchomeleaji, kwa mkupuo mmoja mzito uliofunika bawaba na mistari ya milango. Waliobobea katika kazi hii hupiga msasa kwanza, hupaka rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likisubiri la kwanza likauke. Zaidi ya hayo, hawatumii rangi ile ile iliyo katika gari kubwa. Kitu kidogo hutazamwa kana kwamba kiko mbali, na kitu kilicho mbali hufifia kwa sababu ya hewa na vumbi lililo kati yake na jicho; kwa hiyo rangi hupunguzwa ukali kwa tone la nyeupe au la kijivu, na mng'ao huondolewa. Halafu huongezwa uchafu: kutu kwenye mabati, mafuta meusi penye ekseli, na kwa magari ya kwetu, vumbi jekundu hadi nusu ya mlango. Kijana akielezwa haya mara moja tu ataanza kuyaangalia magari ya barabarani kwa macho mengine. Brashi moja nyembamba na tapentaini kidogo havimshindi mzazi.

Mimi ni mtu wa lugha, na sina budi kukiri kwamba lugha yetu imechangia dharau hii. Kiswahili hupunguza kitu kwa kukitia katika ngeli ya ki-vi, lakini kiambishi hicho hicho hupunguza thamani pia: kijitu, kijumba, kitoto. Tusemapo "kigari" hatujasema tu kwamba gari ni dogo. Tumedokeza kwamba halina maana. Neno "mfano" lingefaa, na katika Biblia ya Kiswahili ndilo litumikalo pale Daudi anapomkabidhi Sulemani ramani ya hekalu, bali siku hizi limeelemewa na kazi nyingine za darasani. "Sanamu" lina harufu ya ibada. "Mwanasesere" ni wa kubebwa mgongoni. Wachewa wa Malawi wana galimoto, neno lililo ndugu wa "gari" letu, na magari ya waya ya watoto wao huitwa hivyo hivyo kama gari la barabarani, bila ya kudunishwa.

Tena liko hilo neno "uraibu". Nimelitumia hapo juu kwa maana ya kazi aipendayo mtu wakati wa faragha, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Hata hivyo ukifungua gazeti leo utalikuta likiandamana na dawa za kulevya na pombe haramu. Neno moja linabeba mambo hayo mawili, na mji wa Webuye unayafahamu yote mawili. Kiwanda cha karatasi cha Pan African, kilichoanza kazi miaka ya 1970 na kuwalisha watu wa Webuye, Bungoma hadi Turbo, kilifungwa mwaka 2009. Kilinunuliwa na kundi la Rai mwaka 2016, ila ule mji wa ving'ora vya zamu na harufu ya salfa iliyotambulisha Webuye kwa kila abiria wa basi haukurejea kama ulivyokuwa. Vijana waliozaliwa wakati wa kufungwa kwake sasa wanatafuta la kushika kwa mikono. Sidai kwamba gari la waya litawapa ajira. Nasema kwamba mikono iliyokwisha kushika waya kwa wiki tatu isipigwe.

Yako pia manufaa ya kumbukumbu. Mtepe, chombo cha Waswahili wa Lamu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, kilitoweka baharini katika karne ya ishirini. Watafiti waliotaka kujua umbo lake walitegemea, pamoja na picha na maelezo ya wazee, vyombo vidogo vilivyoundwa na mafundi waliokijua. Naam, kilichohifadhi merikebu kilikuwa kile ambacho wengine wangekiita kitu cha kuchezea. Je, nani ameunda kiwanda cha Webuye jinsi kilivyokuwa mwaka 1985, na mabomba yake, na uwanja wa magogo? Nani ameunda ngome ya Chetambe, na handaki lake, pale Wabukusu walipopambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895? Reli iliyopita hapa miaka ya 1920, mji ungali ukiitwa Broderick Falls, ina upana wa mita moja. Kwa kipimo cha yule kijana hizo ni sentimita 5 kamili. Wazee waliofanya kazi kiwandani wangali hai na wanakumbuka ngazi ilikuwa wapi na mashine ipi ilitangulia. Hawatangoja.

Mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikuwa na somo la Sanaa na Ufundi, nalo lilitahiniwa. Tulilalamika, hasa wazazi walioambiwa wanunue gundi na manila usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaondolewa katika mtihani, na kama ijulikanavyo, kisichotahiniwa Kenya hakifundishwi. Mtaala wa umilisi umeirudisha sanaa ya ubunifu darasani. Itakuwa kichekesho basi ikiwa mwalimu ataandika "ubunifu" katika ripoti ya mwanafunzi kwa mkono mmoja, na mguu wake uko juu ya lori.

Ombi langu si kubwa. Waandalizi wa maonyesho ya kilimo ya Kitale, ambao huwatuza wenye ng'ombe na mahindi bora, watenge meza moja kwa vitu vilivyoundwa kwa vipimo, na mwamuzi awe na rula. Makavazi ya Kitale, yenye mifano ya nyumba za jadi za jamii za eneo hili, yatoe kabati moja lenye kioo. Na vyuo vya ufundi viache mabaki ya waya, mbao nyembamba na rangi yachukuliwe Jumamosi badala ya kuchomwa.

Yule kijana nimempelekea tepu ya kupimia na brashi mbili. Babake, ambaye alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, alitutazama kwa muda bila ya kusema neno, kisha akamweleza mwanawe kwamba malori ya magogo yalikuwa na ekseli tatu, si mbili.