Miradi ya Watoto Irudi Shuleni, Saa Tisa na Nusu

Jumapili usiku si wakati wa raha katika nyumba nyingi za Kenya. Mwanafunzi wa Gredi ya 4 anasinzia kwenye kochi, huku mama yake amekaa sakafuni na gundi, maboksi na matambara, akiunda sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Kesho mwalimu ataikagua kazi hiyo, na mama atapata alama ya "kuzidi matarajio".

Tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutumika nchi nzima mwaka 2019, malalamiko ya aina hii hayajapoa. Lakini kosa si la mradi. Kosa ni kuupeleka nyumbani, ambako mtoto wa mwenye printa anamshinda mtoto wa muuza mboga kabla kazi haijaanza.

Wakati wa kazi hiyo umeshatengwa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaishe saa tisa na nusu alasiri, kisha hadi saa kumi na moja kasorobo watoto wawe kwenye michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Ni saa moja na robo, Jumatatu hadi Ijumaa. Pita karibu na shule nyingi saa kumi, usikie kinachoendelea: hesabu. Ni kipindi cha ziada, na mara nyingi mzazi amekilipia.

Kwamba watoto wanaweza kuendesha kazi ya maana baada ya masomo, Mathare imelionyesha hilo kitambo. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alishirikiana na vijana wa mtaa huo wa Nairobi kuanzisha chama cha michezo cha MYSA. Mpira ulikuwa chambo. Timu iliyotaka kupanda kwenye msimamo wa ligi ilibidi pia ishike reki na sepetu, izibue mitaro na kuzoa taka, kwa sababu zamu ya usafi iliyokamilika iliipa pointi 6. Mtoto hakuhubiriwa mazingira. Alipiga hesabu ya ligi, akaenda mtaroni. Mwaka 1992 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ikaitunuku MYSA tuzo yake ya Global 500, na Mathare United, klabu iliyozaliwa humo, ikatwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008.

Humo humo MYSA, mwaka 1997, mpiga picha Lana Wong aliwagawia vijana kamera za bei rahisi wapige picha za maisha yao. Enzi hizo picha zilikuwa za filamu: ukibonyeza ovyo, zinakwisha. Kijana alilazimika kutazama kwanza na kuchagua, ujuzi ambao hakuna mtihani wa kuchagua A, B, C au D unaoufundisha. Picha hizo zilitoka kitabuni mwaka 1999, na baadhi ya vijana wale waliifanya kamera kuwa kazi yao.

Serikali nayo ilifufua vilabu vya kilimo vya wanafunzi, 4-K, mwaka 2021. Wazo zuri, ila bustani ya shule haistawi kwa hotuba ya uzinduzi. Mwalimu mmoja mwenye moyo akihamishwa, sukuma wiki humezwa na magugu.

Walimu watasema wamechoka, na ni kweli. Basi asilazimishwe mwalimu wa hesabu kufundisha useremala. Kila mtaa una fundi cherehani, fundi redio na mkulima wa kitalu. Wapewe posho, wasimamie vikundi vidogo, na wajizuie kumnyang'anya mtoto msumeno anapokata mshazari. Pesa si kisingizio, kwani wazazi tayari wanazitoa kwa vipindi vya ziada.

Muhula ujao, kwenye mkutano wa wazazi, anayelipia hesabu za saa kumi aulize ni nani aliyeruhusu kipindi hicho, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.