Watoto wanatelezea barabarani, uwanja uko wapi?

Mchezo wa kuteleza kwa madoido, ambapo mchezaji huruka na kujizungusha kwa mdundo wa muziki akiwa amevaa viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa kwa mstari mmoja, hauhitaji barafu. Unahitaji sakafu nyororo na tambarare, yenye upana wa mita 20 hivi na urefu wa 40, kiasi cha uwanja wa mpira wa mikono.

Hapo ndipo penye kikwazo Kitengela na Kajiado. Kitengela, ambayo sensa ya 2019 ilionyesha ina zaidi ya wakazi 150,000, imepanuka kwa nyumba na maduka kuliko kwa viwanja. Lami nzuri iko kwenye barabara kuu ya Namanga, yanakopita malori mchana na usiku. Vichochoro navyo vina changarawe, na kijiwe kimoja chatosha kulikwamisha gurudumu na kumwangusha anayetua.

Ukumbi wa barafu uliofunguliwa 2005 katika hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ulithibitisha kuwa Wakenya huupenda mchezo huu wakipata mahali. Ila barafu hula umeme kila saa. Sakafu ya saruji ikishamwagwa haidai chochote ila ufagio.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Kajiado haina kisingizio. Mcheza kwao hutuzwa, lakini sharti kwanza apewe pa kuchezea.